Kutoka Posho hadi Ukumbusho: Majina ya Bidhaa Zilizotoweka katika Kiswahili cha Koni na Likasi

1.0 Utangulizi

Mtu anayezungumza na wazee wa Koni kuhusu maisha ya zamani hachukui muda mrefu kabla ya kusikia orodha. Wazee hawaanzi na tarehe, wala hawaanzi na majina ya wakuu wa kampuni. Huanza na vitu: unga wa mahindi, mafuta ya mawese, samaki, sabuni ya Sunlight, baiskeli ya Raleigh, cherehani ya Singer, viatu vya Bata. Vile vilivyotoka kiwandani hutajwa kwa majina ya viwanda vyake, na majina hayo hutamkwa kwa heshima ile ile wapewayo jamaa waliohama. Baadhi ya viwanda hivyo vingali hai ng'ambo. Kilichotoweka ni njia iliyovileta vitu hivyo mpaka Koni, pamoja na utaratibu uliomwezesha mfanyakazi kuvipata.

Makala haya yanakusudia kuichunguza orodha hiyo kwa jicho la historia na la isimu. Swali letu ni moja: mzee anapotaja bidhaa ambazo hazipo tena, anataka nini kwa msikilizaji wake? Jibu jepesi ni kwamba anautamani ujana wake. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Tutajaribu kuonyesha kwamba orodha hiyo ni aina ya madai. Inamkumbusha msikilizaji ahadi ambayo ilitolewa, ikatimizwa kwa kiasi fulani na kwa masharti magumu, kisha ikavunjwa. Kiswahili cha Katanga kina neno linalofaa kulitaja tendo hilo, nalo ni ukumbusho.

Yafaa kwanza msomaji aelezwe mahali penyewe. Koni ni maporomoko ya mto Lufira, upande wa mashariki wa Likasi, chini ya bwawa la Mwadingusha. Umeme ulianza kuzalishwa Mwadingusha mwaka 1930 na Koni mwaka 1950, kwa ajili ya migodi na viwanda vya Union Minière du Haut-Katanga. Kituo cha Koni, chenye uwezo wa megawati 42, kilipewa jina la Bia. Kile cha Mwadingusha kiliitwa Francqui, na maporomoko ya hapo yakaitwa Cornet. Majina hayo matatu ni ya watu wa msafara mmoja wa Kibelgiji uliopita Katanga katika miaka ya 1891 hadi 1893: Lucien Bia, Émile Francqui na mwanajiolojia Jules Cornet. Likasi nayo iliitwa Jadotville hadi mwaka 1966. Hivyo basi, mkazi wa Koni amezoea tangu zamani kuona jina likibandikwa juu ya kitu, na baadaye likibanduliwa.

2.0 Jina hukaa, kitu huondoka: mfano wa merikani

Tabia ya kukiita kitu kwa jina la mahali kilikotoka au la aliyekitengeneza haikuletwa Katanga na migodi. Katika karne ya 19, Bunkeya, mji wa Msiri, ulipokea misafara kutoka pwani ya Waswahili na mingine kutoka Benguela, pwani ya magharibi. Shaba, pembe za ndovu na watumwa walitolewa. Bunduki, baruti, ushanga na nguo viliingia. Miongoni mwa nguo za misafara ya mashariki ilikuwamo merikani.

Historia ya neno hili inajulikana vema. Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na konseli wake wa kwanza, Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837. Merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta nguo nzito za pamba zisizopaushwa, zilizofumwa katika viwanda vya New England. Nguo hiyo ilikuwa imara, na huko bara ikawa kama fedha: kwa kipimo cha nguo watu walilipia chakula cha safari, hongo za watawala na ujira wa wapagazi. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, na pamba ikakatika. Nafasi ya nguo ya Marekani ilichukuliwa na nguo za Uingereza na za Bombay. Hata hivyo, mnunuzi wa bara hakubadili neno. Aliendelea kuomba merikani na kuuziwa merikani, ingawa nguo aliyoishika haikuwahi kuiona Marekani.

Mfano huu unatufunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba, kwa mnunuzi asiyeweza kukiona kiwanda, jina lilikuwa dhamana. Aliyetaja merikani hakutaka nguo yoyote. Alitaka nguo ambayo uzito na uimara wake aliujua kwa mkono. La pili ni kwamba jina huweza kuishi muda mrefu baada ya kitu chake kwisha. Hali hiyo tunaiona hata leo katika Kongo, ambako kalamu ya wino ni biki hata ikiwa imetengenezwa na kiwanda kingine kabisa, na unga wa kufulia ni Omo hata mfuko wake ukiwa na maandishi mengine. Kwa hiyo, mtafiti wa Kiswahili asiyapuuze majina haya kwa kuyaona ni ya kigeni au ya kibiashara. Nayo ni sehemu ya msamiati, na yana historia ya kueleza.

3.0 Posho: neno moja, maisha mengi

Neno la pili tunalopaswa kulitazama si jina la kiwanda, lakini bila hilo orodha ya wazee haieleweki. Neno hilo ni posho, au poso kama linavyotamkwa na wengi katika Katanga. Katika misafara ya karne ya 19, posho lilikuwa pato la chakula apewalo mpagazi: nafaka yenyewe, au nguo na ushanga wa kununulia nafaka hiyo. Kutokana na maana hiyo moja, neno limesafiri na kuzaa maana nyingine kila lilipofika.

Nchini Uganda, kwa njia ya mgao wa unga wa mahindi, posho limekuwa chakula chenyewe: Mganda anayekula posho anakula kile ambacho Mtanzania anakiita ugali, na ambacho sisi wa Katanga tunakiita bukari. Nchini Kenya neno limeshikamana na kinu cha kusagia mahindi, ambacho huitwa kinu cha posho. Nchini Tanzania posho limepanda cheo likaingia ofisini: ni malipo ya ziada wapewayo maofisa na wabunge kwa safari na vikao, na mara nyingi limekuwa chanzo cha mabishano magazetini. Katika Kilingala, neno poso lina maana ya juma, yaani siku saba.

Maana hii ya mwisho inastahili kutuzuia kidogo. Imekuwaje chakula kiwe kipimo cha wakati? Jawabu liko katika utaratibu wa kazi. Katika vituo na makambi ya kikoloni, mgao wa chakula ulitolewa mara moja kwa juma. Mfanyakazi aliyetoka kijijini, ambako wakati ulihesabiwa kwa siku za soko, kwa mwezi na kwa majira ya mvua, alijikuta katika mahali ambapo wakati ulihesabiwa kwa umbali ulio kati ya mgao na mgao. Juma likawa posho, na posho likawa juma. Sidhani kama kuna hati yoyote katika makabati ya makampuni inayoeleza kwa ufupi na kwa ukweli zaidi ya neno hilo jinsi ajira ilivyobadilisha maisha ya watu.

4.0 Kantini ya kampuni na ofa isiyobembeleza

Union Minière iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Katika miaka yake ya kwanza ilitegemea wafanyakazi wa muda mfupi walioletwa kutoka mbali, ambao wengi wao walikufa kwa maradhi au walirudi kwao mara mkataba ulipokwisha. Kuanzia mwaka 1928 kampuni ilifuata siasa mpya ya kuwaweka wafanyakazi kwa muda mrefu, pamoja na wake zao na watoto wao, katika makambi yenye nyumba, shule, zahanati na ghala la chakula. Msemaji mkubwa wa siasa hiyo alikuwa daktari Léopold Mottoulle, aliyeamini kwamba mwajiri amlee mfanyakazi kama mzazi amleavyo mtoto. Hapo ndipo ilipoanzia ile kauli ambayo hata leo inasikika Likasi, kwamba kampuni ilikuwa baba na ilikuwa mama.

Mgao wenyewe ulikuwa unga wa mahindi kwanza, na sehemu kubwa ya mahindi hayo ilinunuliwa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Viliongezwa mafuta ya mawese, chumvi, maharagwe au karanga, na samaki au nyama. Mke na watoto walihesabiwa na kupewa sehemu yao. Katika kambi iliyo mbali na mji, kama zile za mabwawa ya Lufira, inaeleweka kwa nini siku ya mgao ilikuwa na uzito kuliko siku nyingine yoyote. Aidha, baadhi ya vitu vilinunuliwa kwa mshahara katika kantini ya kampuni na katika magazini ya mjini: nguo, sabuni, sigara, na kwa mwenye kuweka akiba, baiskeli au cherehani.

Hapa yafaa tulinganishe na yaliyokuwa yakitendeka Ulaya wakati huo huo. William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight, ambaye mwaka 1911 alianzisha Huileries du Congo Belge ili apate mawese ya Kongo, alijulikana nchini kwake kwa ustadi wa kuvutia wateja: aliyekusanya karatasi za kufungia sabuni aliweza kuzibadilisha kwa zawadi. Huko Ubelgiji, kuanzia mwaka 1950, watoto walikusanya stempu za Tintin zilizobandikwa kwenye pakiti za vyakula, wakazibadilisha kwa picha na vitu vya kuchezea. Hizo ndizo promosheni halisi: muuzaji anambembeleza mnunuzi kwa sababu mnunuzi ana uhuru wa kwenda duka la jirani.

Mfanyakazi wa kambi hakubembelezwa, alihesabiwa. Mgao wake ulifuata orodha ya kazi, si chaguo lake. Hakuambiwa nunua upate zawadi, bali fanya kazi upate chakula. Hata bidhaa zilizonunuliwa kwa hiari ziligeuzwa kuwa mtihani. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikaanzisha utaratibu wa kuwaandikisha Waafrika wachache kuwa sawa na Wazungu mbele ya sheria. Aliyeomba heshima hiyo alichunguzwa mwenendo wake na hata maisha ya nyumbani kwake. Katika mazingira hayo, meza, vyombo na cherehani vilikuwa vitu vya matumizi na pia ushahidi wa kupimia utu wa mwenye nyumba.

Kuna jambo lingine ambalo orodha ya wazee kwa kawaida hulipita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili bei za bidhaa zilipanda kuliko mishahara, na mgao haukuweza kuziba pengo hilo. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi waligoma Jadotville na Élisabethville wakidai nyongeza. Tarehe 9 Desemba askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, na makumi ya watu waliuawa. Baba aliyesifiwa kwa kulisha ndiye aliyeita askari. Mwanahistoria anayeandika juu ya sabuni na unga bila kuitaja siku hiyo anawakosea wafu.

Hata hivyo, kosa la upande wa pili nalo liepukwe. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Machi 1922 ilimlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi chakula na malazi. Posho, kwa maneno mengine, halikuwa hisani. Lilikuwa sehemu ya ujira uliolipwa kwa vitu badala ya fedha. Lugha ya baba na mama ililificha jambo hili kwa pande zote mbili: kampuni iliweza kujisifu kwa ukarimu, na mfanyakazi akajifunza kushukuru kwa kile alichokuwa amekwisha kukilipia kwa jasho lake.

Lugha ya kila siku ya Katanga pia imeweka alama ya wakati huo kwa namna yake. Kwetu, tofauti na pwani, kuuza mara nyingi lina maana ya kununua, na anayetoa bidhaa ili apate fedha anauzisha. Mgeni kutoka Dar es Salaam anayeambiwa sokoni Likasi kwamba mama fulani ameuza unga huelewa kinyume kabisa. Neno posho halimo katika jozi hiyo. Posho haliuzwi wala haliuzishwi, linapokewa. Na kila mtu aliyewahi kupokea anajua kwamba anayepokea hana nafasi ya kubishana bei.

5.0 Jinsi rafu zilivyobaki tupu

Tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière katika Kongo zilikwisha kuwa mikononi mwa kampuni ya serikali, iliyoitwa kwanza Gécomin na baadaye Gécamines. Jina la baba lilibadilika, lakini mgao uliendelea. Gécamines iliajiri watu zaidi ya 30,000 katika miaka ya 1980, na ilikuwa na mashamba yake pamoja na kinu cha unga cha Kakontwe, karibu na Likasi. Ni kipindi hiki, zaidi ya kile cha ukoloni, ambacho wastaafu wengi waliopo leo walikiona kwa macho yao.

Maduka ya mjini yaliguswa mapema kuliko kantini. Mnamo tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara nyingi za wageni zingepewa raia wa Zaire. Katika miji ya Shaba, kama Katanga ilivyoitwa kuanzia 1971 hadi 1997, maduka mengi yalikuwa ya Wagiriki, Wareno, Waitaliano, Waasia, na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Wengi waliokabidhiwa maduka hayo waliuza vilivyokuwamo na hawakuagiza vingine. Jina lilibaki juu ya mlango na rafu zikabaki wazi. Wakati huo huo, bei ya shaba duniani ilianza kuanguka mwaka 1974. Serikali ilijaribu kuwarudishia wenyewe baadhi ya mali zao katika miaka ya 1975 na 1976, lakini imani na mikopo ya wauzaji wa ng'ambo havirudishwi kwa amri. Vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vikaongeza hofu.

Anguko la kampuni yenyewe lilikuja baadaye, nalo lilikuwa la haraka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 ilizalisha tani zipatazo 30,000 tu. Katikati ya tarakimu hizo mbili kuna kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwezi Septemba 1990 na uporaji wa maduka mwaka 1991. Kuna pia mfumuko wa bei uliofanya serikali, Oktoba 1993, itoe noti mpya ambayo moja yake ilikuwa sawa na zaire 3,000,000 za zamani. Mshahara ulipofika, kama ulifika, haukununua chochote. Posho lilichelewa, likapungua, kisha likakoma.

Katika miaka ya 1992 na 1993 lilitokea jambo chungu zaidi ya uhaba. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakasongamana kwenye vituo vya treni wakisubiri kupelekwa nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Watu hao walikuwa wamezaliwa katika makambi yale yale, wakasimama kwenye foleni ile ile ya unga. Ile orodha ya bidhaa tuliyoanza nayo wanayo wao pia. Inakumbukwa Mbuji-Mayi kama inavyokumbukwa Likasi, kwa maneno yale yale ya Kiswahili. Orodha hiyo haijui kabila. Hilo ni mojawapo ya mambo machache ya faraja katika historia hii, na ni sababu tosha ya kuihifadhi.

Pigo la mwisho lilikuwa mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, uliotekelezwa kuanzia mwaka 2003 kwa msaada wa Benki ya Dunia. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliokuwa wakidai mishahara ya miezi mingi walipewa kiasi fulani cha fedha na kuagwa. Wengi wao walilalamika, na hawajaacha kulalamika, kwamba walichopewa kilikuwa pungufu ya haki yao.

6.0 Kizazi cha kadi za kukwangua

Isidhaniwe kwamba hamu ya majina yaliyotoweka ni ya wazee peke yao. Kizazi chetu, tuliozaliwa wakati posho linakaribia kukoma, kina orodha yake. Celtel ilianza kazi Kongo mwaka 2000. Mwaka 2008 ikaitwa Zain, na mwaka 2010 ikaitwa Airtel. Tigo, ambayo kabla yake iliitwa Oasis, ilinunuliwa na Orange mwaka 2016. Congo Chine Télécoms ilikuwa imekwisha kununuliwa na Orange hiyo hiyo mwaka 2011. Mtu wa umri wangu anaweza kukadiria mwaka wa ujana wake kwa kukumbuka jina lililoandikwa kwenye kadi aliyoikwangua kwa ukucha au kwa sarafu, na kwa kukumbuka bonasi ya dakika za usiku.

Wenzetu wa Afrika Mashariki wanayo ya kwao. Huko Kenya, KenCell ya mwaka 2000 ilipita njia ile ile ya Celtel, Zain na Airtel. Duka kubwa la Nakumatt, ambalo wateja wake walikusanya pointi kwenye kadi, lilianguka kwa madeni, na mwaka 2020 wanaolidai walikubali livunjwe. Huko Tanzania, Tigo ilibadilika kuwa Yas mwaka 2024. Lakini Mtanzania mwenye umri mkubwa ana kumbukumbu nyingine tena: miaka ya mwanzo ya 1980, wakati sabuni na sukari vilipopatikana kwa foleni, na maneno kama mgao na ulanguzi yalipokuwa kinywani mwa kila mtu.

Tofauti kati ya kumbukumbu hizi ni ya maana. Mteja wa Nakumatt au wa Celtel alikuwa mteja: duka lilipokufa alipoteza pointi na mazoea, akahamia kwingine. Mfanyakazi wa kampuni ya Katanga alipopoteza posho alipoteza ujira, shule ya watoto, zahanati na nafasi yake katika jamii, vyote kwa pamoja. Ndiyo maana mtu anayekumbuka bonasi ya usiku hucheka, na mtu anayekumbuka posho huanza kwa kucheka na kumaliza akiwa na hasira.

7.0 Kumbukumbu na ukumbusho

Sasa tunaweza kulirudia swali letu la msingi. Tukilichambua kimofolojia, kitenzi kumbuka kinatupa kumbukumbu, yaani kile kinachobaki akilini mwa mtu. Kitenzi cha usababishi, kumbusha, kinatupa ukumbusho, yaani kile kinachomfanya mwingine akumbuke. Kumbukumbu yaweza kuwa ya mtu mmoja aliyekaa peke yake. Ukumbusho lazima uwe na watu wawili, na mara nyingi mmoja wao amesahau, au amejisahaulisha. Katika matumizi ya kawaida mtu hukumbushwa miadi, ahadi au deni.

Wachoraji wa Shaba walilielewa neno hili mapema. Katika miaka ya 1970 picha zao zilizotundikwa sebuleni mwa watu wa kawaida, zikionyesha maisha ya ukoloni, viwanda na vita, ziliitwa ukumbusho, na Johannes Fabian pamoja na Ilona Szombati-Fabian wameandika juu ya aina hiyo ya sanaa. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001, kilichoandikwa kwa Kifaransa, kwa maneno yanayowataja Bana Shaba, watoto wa Shaba, kuwa wameachwa na baba yao. Katika kazi hizo zote yaliyopita hayaelezwi ili yatamaniwe tu. Yanaelezwa mbele ya mtu anayetakiwa kujibu.

Orodha ya wazee wa Koni ina sura hiyo hiyo. Ikisikilizwa kwa makini, haisemi kwamba sabuni ya zamani ilitoa povu zaidi. Inasema: tulifanya kazi, na kazi ilikuwa na malipo yanayoshikika kwa mkono. Umeme wa Lufira ulizunguka na shaba ikatoka. Kwa nini malipo yamekoma? Kila jina la bidhaa ni kama mstari katika daftari la madeni. Anayemwambia mzee huyo kwamba anaota ukoloni hajamsikia.

Hata hivyo, mtafiti hana budi kutaja hatari iliyomo. Daftari hilo limeandikwa kwa lugha ya baba na mtoto. Mtoto aliyeachwa humsubiri baba arudi, au humtafuta baba mwingine. Raia anayedai haki yake huenda mahakamani, kwenye chama cha wafanyakazi au kwenye sanduku la kura. Maadamu posho linakumbukwa kama wema wa baba, kampuni yoyote mpya inayogawa mifuko ya unga siku ya sikukuu inaweza kuonekana njema, bila kuulizwa inalipa nini na inachukua nini. Tukilikumbuka posho kama ujira, kama sheria ya 1922 ilivyotaka na kama wagomaji wa 1941 walivyoelewa, tutajua kuuliza.

8.0 Hitimisho

Katika makala haya tumeona kwamba majina ya bidhaa katika Kiswahili yana tabia ya kuishi baada ya vitu vyake, tangu merikani ya misafara hadi Celtel ya kadi za kukwangua. Tumeona pia kwamba posho, neno lililotoka pwani na kubeba maana tofauti katika kila nchi, katika Katanga limebeba historia nzima ya ajira, pamoja na kiburi chake na machungu yake.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kamusi za Kiswahili sanifu ziongeze maana za Katanga na za Uganda za neno posho, pamoja na matumizi ya Kikongo ya kuuza na kuuzisha, kwani msamiati wa Kiswahili hauishii Kigoma. Pili, wanafunzi wa isimu na wa historia katika vyuo vyetu wapelekwe Koni, Mwadingusha, Panda, Kikula na Shituru kuzikusanya orodha hizi kwa sauti, pamoja na makopo, kadi na vitambulisho vilivyobaki chini ya vitanda. Wapelekwe Mbuji-Mayi vilevile. Walioanza kazi kabla ya uhuru ni wachache sana sasa, na waliopokea posho la mwisho wanazeeka. Wakiondoka kabla hatujawasikiliza, majina ya Raleigh na Singer yatabaki katika vitabu vya viwanda huko yalikotoka, lakini deni lililokuwa likikumbushwa kwa majina hayo halitakuwa na wa kulitaja.